Saa Mbili Ukumbi Ulijaa, Saa Sita Ukabaki Mtupu

Bendi nne za Nairobi zimekodi ukumbi mmoja kwa Jumamosi nne mfululizo. Jumamosi ya kwanza imeshapita, tatu ziko mbele. Mimi ndiye fundi wa sauti wa maonyesho hayo. Bendi zote nne, pamoja na meneja wa ukumbi, wamekubali niandike yaliyotokea usiku ule wa kwanza na tuliyoyabadilisha, kwa sababu mambo haya yanazipata bendi nyingi hapa mjini na kila moja inadhani ni mkosi wake peke yake. Majina ya bendi na ya ukumbi nimeyaacha.

Hizi ni bendi huru kwa maana kamili. Hakuna lebo, yaani kampuni ya kurekodi, nyuma yao, hakuna wa kuwatangulizia pesa. Chumba cha mazoezi wanakilipia kwa saa na wanachangishana. Ya kwanza ni vijana watano kutoka upande wa Dandora wanaopiga rege. Ya pili inatoka Rongai, inachanganya gitaa la benga na roki. Ya tatu inaongozwa na dada mmoja anayeimba huku akipiga kinanda. Ya nne, ambayo ndiyo hasa imenifanya niandike, ina nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo, katikati, besi na drumu pembeni, na waimbaji wawili. Wote wanapiga nyimbo zao wenyewe. Kopi moja moja, yaani nyimbo za wengine, huingia, lakini hakuna anayewajia kwa sababu ya kopi.

Ukumbi uko ghorofa ya pili, juu ya maduka ya spea za magari, si mbali na Barabara ya Kirinyaga. Ngazi ni moja na ni nyembamba, kwa hiyo kila spika hupanda begani mwa mtu. Ukijaa vizuri, unabeba watu 150 wakiwa wamesimama. Kuna baa upande wa nyuma. Dari ni la mabati yaliyofunikwa mbao, na sauti haipotei ovyo. Napapenda mahali pale. Nimefanya kazi kwenye kumbi za bei ghali zaidi zenye sauti mbovu zaidi.

Makubaliano yalikuwa hivi. Kiingilio shilingi 500. Kwanza zinatolewa gharama: kukodi vyombo 18,000, walinzi na mtu wa mlangoni 6,000. Kinachobaki, asilimia 70 ni ya bendi na asilimia 30 ni ya ukumbi. Mauzo ya baa ni ya ukumbi yote. Mpangilio wa kupanda jukwaani ulipigiwa kura, nao ungezunguka kila wiki ili kila bendi ifunge, yaani ipige mwisho, mara moja. Jumamosi ya kwanza kura ya kufunga iliangukia bendi ya nyatiti, na walifurahi sana, maana kwa wanamuziki kufunga ni heshima.

Bango lilisema: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi usiku wa manane. Halikusema nani anapanda saa ngapi. Hilo lilifanywa kwa makusudi. Fikra ilikuwa kwamba watu wasipojua bendi yao inapiga saa ngapi, watakaa kutoka mwanzo hadi mwisho, watasikiliza na bendi nyingine, na watanunua vinywaji zaidi. Nilikuwepo kwenye kikao hicho na sikupinga.

Usiku wenyewe

Tulipanga kuanza kupima sauti saa nane mchana. Ufunguo wa ukumbi ulifika saa kumi. Kisha tukafanya kosa ambalo ni langu mimi, na nalisema wazi: nilizipima bendi kwa mpangilio uleule wa kupanda jukwaani. Ya kwanza nikaipima kwanza, ya nne mwisho. Kila fundi anajua inapaswa kuwa kinyume. Bendi ya kufunga hupimwa mwanzo, na bendi ya kufungua hupimwa mwisho, ili ikimaliza kupimwa vyombo vyake vibaki palepale, tayari kuanza. Mimi nilikuwa na haraka, bendi ya rege ilikuwa ya kwanza kufika, nikaanza na waliokuwepo. Nilipomaliza na nyatiti ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, watu wamejaa kwenye ngazi, na jukwaani kuna vyombo vya bendi ya mwisho. Ikabidi tubomoe kila kitu na kupanga upya.

Kufikia saa mbili usiku ukumbi ulikuwa umejaa. Vyombo vya bendi ya rege vilikuwa tayari. Meneja akaja mezani kwangu, akainama sikioni. "Fundi, ngoja kidogo. Watu wa baa bado hawajaingia."

Tukangoja. Bendi ya kwanza ilianza saa tatu kasoro dakika ishirini.

Ilipiga dakika arobaini, na ukumbi ulitikisika. Kisha tukachukua nusu saa kubadilisha. Kila bendi ilikuwa imekuja na drumu zake, ampu yake ya besi na kebo zake. Meza yangu ya kuchanganyia sauti ni ya kizamani, haihifadhi kumbukumbu, kwa hiyo kila bendi inamaanisha kurudisha vitufe vyote kwa mkono huku nikitazama picha niliyopiga kwa simu. Bendi ya Rongai ikapanda saa nne kasoro dakika kumi. Dada wa kinanda akapanda saa tano na dakika tano. Mabadiliko yote matatu ya usiku ule, ukiyajumlisha, yalikula dakika 105.

Sasa nieleze ya nyatiti kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini kwenye kigoda kifupi, chombo kikiwa kando ya mguu wake. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, oduong'o, ambayo anaigonga kwenye ukingo wa chombo, na kwenye kifundo hufunga njuga ziitwazo gara. Kwa hiyo mtu mmoja anatoa sauti tatu kwa wakati mmoja: nyuzi, mlio wa pete ya chuma, na njuga. Ukimwekea maiki moja mbele ya chombo, kama nilivyofanya mimi, maiki hiyo itabidi uifungue sana ili ipate vyote vitatu, na ikifunguliwa sana inasikia pia spika ndogo ya jukwaani inayomrudishia mpigaji sauti yake. Hapo mluzi unaanza.

Jioni tulipopima, mluzi haukuwepo. Usiku ulikuwepo, kwa sababu spika ile ndogo ilikuwa imesogezwa ili kinanda kipate nafasi, na haikurudishwa mahali pake. Ilikuwa inaitazama maiki uso kwa uso. Sikuiona gizani. Nilihangaika na vitufe, nikapunguza milio mizito, nikapunguza sauti ya jumla, mluzi ukahama kutoka mlio mmoja kwenda mwingine. Wakati huohuo mpigaji alikuwa anakaza nyuzi upya, moja moja. Chombo kilikuwa kimekaa kwa muda wa saa sita kando ya jukwaa katika joto na unyevu wa pumzi za watu, na ngozi yake ilikuwa imelegea. Aliniuliza mara mbili, kwa upole, "Bado, fundi?" Mara ya tatu hakuuliza. Alikaa tu, mikono juu ya nyuzi, akitazama mlango.

Alianza saa sita na dakika ishirini na tano. Nilihesabu vichwa ukumbini: 19. Kati ya hao, sita walikuwa wanamuziki wa bendi nyingine. Alipiga kama ukumbi umejaa. Mimi nilishindwa kumtazama machoni alipoteremka.

Daftari la mlangoni

Jumatatu tukakutana kibandani, chai na mandazi, na kila upande ulikuja na kesi yake. Bendi zilisema ukumbi umewachelewesha kwa ajili ya baa. Meneja alisema baa haikuuza, kwamba mashabiki wa bendi hizi ni watu wa soda moja usiku mzima. Wengine wakamlaumu mpigaji nyatiti kwa kuleta "chombo kigumu". Hilo la mwisho lilinikera, kwa sababu chombo hakikuwa na kosa lolote.

Kilichotuokoa ni daftari. Dada aliyekaa mlangoni alikuwa amepewa kazi ya kumuuliza kila anayelipa: umemfuata nani? Lengo lilikuwa kugawana pesa baadaye. Watu waliolipa walikuwa 131. Waliofuata rege 38, nyatiti 31, dada wa kinanda 27, bendi ya Rongai 22, na 13 walisema wamekuja tu kusikiliza. Na kwa kuwa ni mtu makini, aliandika pia saa ambazo watu walianza kutoka, na wengine aliwauliza sababu.

Kundi kubwa lilitoka kati ya saa nne na saa nne na nusu. Sababu walizotoa zilifanana: gari. Wa Rongai ana safari ya kuteremka mpaka kituo cha matatu cha Railways, na nauli ya usiku haifanani na ya jioni. Wa Kayole, wa Githurai, wa Kitengela, vilevile. Anayeweza kuita teksi hadi Ruai saa saba usiku hawezi kuitwa shabiki wa kawaida wa bendi huru. Mashabiki wetu ni wanafunzi, walimu vijana, wahudumu wa maduka, mafundi, watu wenye zamu Jumapili asubuhi na watu wa kwaya. Walifika saa moja, wakasimama kwa muda wa saa tatu, wakasikia bendi moja au mbili, wakaangalia saa.

Nilipoliona lile daftari nikaweka kikombe chini. Watu 31 walilipa shilingi 500 kuja kusikia nyatiti, na karibu wote waliondoka bila kuisikia. Tulichukua pesa zao na hatukuwapa walichonunua. Hilo ndilo jambo lenyewe katika kisa hiki, na mengine yote, baa, mluzi, ufunguo, yanaelekea hapo. Bendi kubwa inaweza kumpoteza mtu huyo na kupata mwingine kwa tangazo la redio. Bendi huru inaishi kwa watu wanaorudi. Ina watu thelathini leo, ikiwatunza watakuwa hamsini mwakani, na hakuna njia nyingine ninayoijua mimi.

Hesabu ya fedha nitaitaja haraka. Mlangoni ziliingia 65,500. Ukitoa 24,000 za gharama, zikabaki 41,500. Asilimia 70 ni 29,050, kwa bendi nne ni 7,262 na senti. Bendi ya watu watano iliyolipa 3,000 kubeba vyombo kurudi nyumbani usiku wa manane ilibaki na shilingi 850 hivi kwa kila mtu. Ni kidogo, lakini mlango kwa kweli haukufeli. Watu 131 kwa bendi ambazo hazipigwi redioni ni watu wengi.

Kwa nini mchana

Pendekezo langu kibandani lilikuwa fupi: tuanze saa kumi na nusu jioni, tumalize kabla ya saa mbili. Meneja alicheka kwanza. Nani anasikiliza bendi jua likiwaka?

Nairobi imesikiliza siku nyingi. Wazee wetu wanakumbuka bugi za alasiri, ambapo vijana walicheza bendi mchana wa Jumapili na kufika nyumbani kabla baba hajauliza. Mwaka 2008 Muthoni Drummer Queen alianzisha Blankets & Wine, tamasha la mchana, watu wameketi kwenye nyasi na shuka zao, na wasanii wengi wa humu nchini walipata hadhira yao ya kwanza ya kweli pale. Kisha ikaja kafyu ya korona, kutoka Machi 2020 hadi Oktoba 2021, ambayo mwanzoni ilifunga mji saa moja jioni. Ilituumiza wanamuziki na mafundi vibaya, sitaki irudi. Lakini palipofunguliwa kidogo, watu walijifunza kutoka mapema kwenda kusikiliza muziki, na nilichoona ni kwamba mtu aliyekuja saa tisa anasikiliza kuliko aliyekuja saa tano.

Kuna na sheria, ambayo wengi wetu tunaikumbuka tu kanjo, yaani askari wa kaunti, au maafisa wa mazingira wakifika mlangoni. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinahesabu mchana hadi saa mbili kamili usiku. Kwa eneo la biashara kiwango ni desibeli 60 mchana, na baada ya saa mbili kinashuka hadi 35. Desibeli 35 ni kama watu wawili wakinong'ona chumbani. Drumu moja ikipigwa kwa fimbo, bila spika yoyote, inapita viwango vyote viwili ukiwa karibu nayo, kwa hiyo kuta na leseni ni muhimu saa zote. Ila tofauti ya kupigiwa mlango saa kumi na moja na kupigiwa saa tano ni kubwa. Mwishoni mwa 2022 kaunti ilipoanza kuzikazia klabu za usiku kwenye mitaa ya makazi, kumbi nyingi ndogo zilipata hofu, na huyu meneja wetu alikuwa mmoja wao. Hoja hii ndiyo iliyomfanya aache kucheka.

Iliyomfanya akubali ilikuwa nyingine. Tukimaliza saa mbili kasoro, ukumbi unabaki wake kuanzia saa hiyo. Wateja wake wa kawaida wa DJ, wale anaowangojea, wanaingia saa tatu na kukuta mahali pamechangamka tayari. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunagombania saa ambazo sisi hatukuzihitaji hata kidogo. Yeye pia alikuwa na haki katika malalamiko yake. Ana kodi ya kulipa, na watu 131 wanaokunywa maji hawalipi kodi ya nyumba. Kwa hiyo badala ya asilimia 30 atachukua 10,000 kamili kila Jumamosi, watu wakija wasije, na jiko litawashwa kuanzia saa tisa. Mtu aliyetoka kazini Jumamosi mchana bila kula atanunua nyama na ugali kabla ya kununua bia, na mpaka sasa hapakuwa na wa kumuuzia.

Jambo moja halijanipendeza. Bendi zimeamua nusu ya pesa igawanywe sawa, na nusu ifuate daftari, yaani kila bendi kwa idadi ya watu waliosema wameifuata. Naelewa kwa nini bendi ya rege inataka hivyo. Lakini nimeziona bendi zikigombana kwa sababu ya hesabu kama hiyo, shabiki akiambiwa mlangoni taja sisi hata kama umekuja kwa ajili ya wale. Ningekuwa mimi, ningegawa sawa kwa sawa hadi mwisho wa Jumamosi zote nne. Nimewaambia, wamenisikiliza, wameamua vingine.

Jumamosi tatu zilizobaki

Bango jipya lina saa ya kila bendi. Ya kwanza saa kumi na nusu, kila moja dakika 35, katikati dakika 15 za kubadilisha, ya mwisho inateremka saa moja na dakika 35. Mtu akitaka kuja kwa bendi yake peke yake na kuondoka, aje. Nina hakika wengi watakaa, maana hakuna anayeangalia saa jua likiwa bado liko.

Drumu ni seti moja ya wote. Kila mpigaji atakuja na sahani zake za chuma za kugonga na drumu ndogo ya mbele tu. Ampu ya besi ni moja. Kila bendi imeniletea orodha ya vyombo vyake kwenye karatasi, nani anasimama wapi, nani anaimba. Sakafuni nimebandika seloteipu za rangi nne, moja kwa kila bendi, zinazoonyesha spika ya jukwaani inakaa wapi na inatazama wapi. Kipande cha seloteipu cha shilingi hamsini kingeniokolea mluzi wote ule.

Kura imebadilika, lakini bendi zote kwa pamoja zimeomba nyatiti ifunge tena Jumamosi hii, na waliopangiwa kufunga, wale wa Rongai, ndio waliokuwa wa kwanza kusema hivyo. Wale 31 tulikuwa na namba za wengi wao kwa sababu walilipa kwa M-Pesa kwenye simu ya dada wa mlangoni. Amewapigia mmoja mmoja, hakutuma ujumbe, amepiga. Amewaambia Jumamosi wanaingia bure na bendi yao inapanda saa moja kamili. Wengine walidhani ni matapeli. Mmoja alimuuliza, "Kwani mlijuaje kwamba niliondoka?"

Nyatiti itapata maiki mbili safari hii, ndogo ya kubana karibu na nyuzi, na nyingine chini kwa mguu. Mpigaji atakuja saa sita mchana, wa kwanza kupimwa. Chini yetu maduka ya spea yatakuwa bado wazi, mafundi wanagonga vyuma, na amesema hilo halimsumbui. Chombo atakiacha kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha, mbali na jiko, mpaka saa moja kasoro robo.